Neno "Kubwa" na Ukuta wa Kaku Ngalula

Siku ile naikumbuka kwanza kwa nyayo, mwanangu, ndipo kichwa kinafuata. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara bila viatu, na ardhi ya Likasi ikaanza kutetemeka chini yangu kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi. Hakuna aliyekuwa ameona kitu bado. Lakini maji katika beseni la mama mmoja muuza samaki yalianza kujichora pete, pete ndani ya pete, na mbwa wa mtaa wetu, ambao kwa kawaida hubwekea hata vivuli vyao, wakanyamaza wote pamoja.

Nakuandikia haya, Nadège mjukuu wangu, kwa sababu juma zima nimekusikia chumbani ukijifunza maneno yako ya Kiingereza. Jumatatu utakaa mbele ya watu wa mgodi wakupime, waone kama unafaa kuwa mkalimani wa mafundi wao wanaotoka nje. Na mafundi wale hawaongei juu ya vijiko. Wanaongea juu ya mashimo, na malori yenye tairi kupita kimo cha mtu, na vinu vya kusaga mawe. Ndiyo maana umeandika ukurasa mzima wa maneno ya vitu vikubwa, na pembeni umeweka Kifaransa chake. Nakusikia ukiimba: "Hyuji, énorme. Inomasi, énorme. Jaigantiki, énorme." Kama litania ya watakatifu: majina yanabadilika, jibu ni lile lile. Nilicheka hadi mboga ya sombe ikaungua jikoni. Kisha kicheko kikanikauka mdomoni, kwa maana litania hiyo niliiimba mimi kabla mama yako hajazaliwa, na iliangusha nyumba ya mtu.

Shule yangu iliishia mwaka wa nne wa msingi. Nyani haoni kundule, lakini mimi langu naliona, basi uvumilie mwandiko.

Kiingereza nilikipata kwa Tantine Odile, mdogo wake mama yangu. Aliolewa Kitwe, ng'ambo ya mpaka, akakaa huko miaka mingi, akarudi kwetu mwaka mmoja na cherehani, na kanzu tatu za maua, na kijitabu cha shule kilichokosa jalada. Ndani yake mlikuwa na ukurasa wa maneno ya vitu vikubwa. Kila neno Tantine alikuwa ameliandikia maana yake kwa penseli, na maana yenyewe ilikuwa: kubwa sana. Maneno kumi, na mara kumi, kubwa sana. Aliporudi Kitwe aliniachia kijitabu. Nilikuwa na miaka kumi na saba na kichwa chepesi. Kwa majuma mawili nilikuwa nimeyameza yote bila kutafuna.

Mwanangu, nilijisikia kama nimepewa taji. Sokoni nilisema kitunguu hiki ni kolosali. Nilisema jipu la kaka yangu ni jaigantiki. Watu walinibandika jina la Madame Anglais, na mimi badala ya kuona haya nikaumuka kama unga wa maandazi. Baba yangu, aliyekuwa mchimba mawe ya chokaa kule Kakontwe, alirudi jioni mweupe kama mzimu kwa vumbi, na kabla hajanawa aliwaita wenzake: "Muye musikie huyu mutoto yangu." Nami nikaimba. Debe tupu ndilo livumalo, na siku zile nilivuma hadi kanisani.

Basi mvua zilipokuwa zinaisha, alikuja mtaani mtu mmoja na gari dogo lenye bendera nyekundu. Jina lake Mista Moyo. Alitoka kusini, mbali kupita Zambia, hakujua Kiswahili, wala Kifaransa, wala hata Kibemba. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye kofia ya chuma mkononi kama anayeingia nyumba ya msiba. Kazi yake ilikuwa kutangulia mzigo. Mzigo wenyewe ulikuwa transfoma, ule mtambo mkubwa wa umeme, unaopelekwa Koni, kule mto Lufira unakofanya kazi usiku na mchana ili sisi tuwashe taa. Yeye alipita mbele siku tatu, akawaambia watu wa njiani kinachokuja, wakajiandaa.

Chef wa mtaa aliniita nitafsiri. Nani mwingine? Watu wakakusanyika penye kona, pale barabara inapojipinda kama kiwiko. Baba alikuwa ameacha kazi siku hiyo, amevaa shati la Jumapili, amesimama mbele kabisa.

Na penye kona hiyo palikuwa na nyumba ya Kaku Ngalula. Kaku ni bibi kwa watu wa Kasai, na mtaa mzima tulimwita hivyo. Aliletwa Likasi akiwa bibi arusi, mume wake akiwa ameandikwa kazi ya mgodi. Mume alifyatua matofali ya nyumba ile kwa mikono yake, jioni baada ya zamu, kisha akafa na kumwachia nyumba bila mtoto. Macho ya Kaku yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe, aliona mwanga na vivuli tu. Chumba chake cha mbele, kilichogusa barabara, ndicho alichopikia munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, akauza kwa kikombe. Nyumba ile ndiyo ilikuwa mume wake, na ndiyo ilikuwa shamba lake.

Mista Moyo akaanza kusema. Alisema kwa utaratibu, neno moja baada ya jingine. Inomasi nililishika likipita. Mengine yalinipita kama treni isiyosimama kituoni kwetu. Alitanua mikono kulia na kushoto. Alionyesha nyaya za umeme juu. Alionyesha vibanda vya soko, akaonyesha ukuta wa Kaku, akatoa kopo la rangi akapiga msalaba mwekundu juu yake, akasema neno, akanitazama.

Sikulijua neno lile. Nilijua namna ya kuuliza, mwanangu, Tantine alikuwa amenifundisha hilo la kwanza kabisa. Ni maneno manne tu. Lakini macho ya watu wote yalikuwa juu yangu, na shati la Jumapili la baba lilikuwa mbele yangu. Wazee wanasema mficha uchi hazai. Mimi niliufunika wangu kwa mikono yote miwili, nikageuka kwa watu nikasema:

"Anasema kintu kinakuya. Mukubwa. Mukubwa sana sana."

"Mukubwa kupita tumbo ya Chef?" akauliza mzee mmoja fundi baiskeli.

"Kupita tumbo ya Chef, na bibi ya Chef juu yake," akajibu mwingine.

Wakacheka, na Chef mwenyewe akacheka akishika hilo tumbo. Na hapa lazima uwaelewe watu wetu. Sisi wa Likasi ukubwa tumeunyonya na maziwa. Tumezaliwa kando ya mashimo yaliyomeza vilima. Baba zetu walilipua mwamba asubuhi na kurudi kula bukari, ugali wetu, kama watu waliotoka kuchuma mboga. Treni zetu za mawe, kichwa kimefika kituoni na mkia bado uko porini. Ukimwambia mtu wa Likasi kinakuja kitu kikubwa, umemsalimia tu. Wale wenye vibanda walivisogeza nyuma hatua moja, kwa adabu. Mmoja alivuta kiti chake.

Mista Moyo akaniuliza kama wameelewa. Nikamwambia ndiyo. Nikaongeza "hyuji" ili aone nimesoma. Uso wake ukalegea, akanishukuru, akaondoka.

Kaku Ngalula akapapasa ukuta wake, vidole vikarudi vyekundu. "Huyu muntu amepaka nini kwa nyumba yangu?"

"Ni alama ya barabara, Kaku," nikasema. Uongo ule ulitoka laini kama mafuta.

Siku ya tatu, ndipo ardhi ilipotetemeka.

Kwanza zilitokea trekta mbili, pua ya moja kwenye mkia wa nyingine, zikivuta na kulia kama wanyama. Nyuma yake ulikuja mnyororo ambao kila pete yake ningeweza kupitisha kichwa. Na nyuma ya mnyororo, mwanangu, kikaja chenyewe. Sijui nikwambie nini. Barabara haikuonekana tena, kilikuwa kimeivaa. Kilikuja taratibu, taratibu kuliko maiti anavyopelekwa makaburini, na huo mwendo wake ndio ulinitisha kuliko kama kingekimbia. Magurudumu yalijipanga chini yake kama miguu ya jongoo. Juu yake wanaume wawili walikaa na fito, wakiinua nyaya za umeme kama mtu anavyoinua kamba ya nguo apite, na wanaume wale walionekana kama ndege juu ya kiboko. Fundi baiskeli aliyetania tumbo la Chef alivua kofia. Hakuna aliyemwambia avue. Mama mmoja akaanza Salamu Maria kwa sauti ndogo, na watu wakamwitikia bila kugeuza macho.

Nilikuwa na maneno kumi ya Kiingereza na lugha tatu za kwetu, na zote zilinitoka kichwani kama maji katika kikapu.

Kisha nikamwona Mista Moyo. Alikuwa akitembea mbele na bendera yake, akafika penye kona, akauona ukuta wa Kaku umesimama na msalaba wake, na moshi wa munkoyo ukitoka dirishani. Akageuka akanitafuta kwa macho. Hakufoka. Nimefokewa na baba, nimefokewa na mume, nimefokewa na watawa, lakini yote hayo ni upepo ukilinganisha na jicho lile. Akaanza kupunga bendera kwa mikono miwili. Lakini kitu kama kile hakisimami kama baiskeli. Trekta zilikuwa zimeshaingia konani.

Nilikimbia. Kaku alikuwa kwenye kigoda chake, anakoroga.

"Kaku, toka, toka sasa."

"Juu ya nini nitoke?"

"Kile kintu kimefika. Kinakuya mu nyumba."

"Si ulisema iko mukubwa tu? Hata minye nilikuwa mukubwa zamani, na sikuingia mu nyumba ya bantu."

Nilimnyakua, nikamtupa mgongoni kama mtoto, nikatoka kwa mlango wa nyuma, naye akinipiga kichwani kwa mwiko wa munkoyo kila hatua. Tulipofika uani, ukuta ukaanguka. Nilitazamia mlio wa baruti. Haukulia. Ulijilaza tu, taratibu, kama mtu aliyechoka kungoja. Vyungu vikapasuka chini yake, na harufu ya munkoyo mchachu ikajaa mtaa mzima pamoja na vumbi. Gurudumu moja lilipanda juu ya matofali, ndipo mzigo wote ukasimama.

Hakuna aliyekufa. Namshukuru Mungu kwa hilo kila ninapopita kona ile, na sasa unajua kwa nini midomo yangu hutingishika pale.

Kaku alikaa chini, kichwa cheupe kwa vumbi. Hakulia. Aliniuliza yule mtu alisema nini hasa siku ile. Nikamwambia kweli yote: kwamba sikuelewa nusu yake, kwamba msalaba sikuujua, kwamba niliona haya. Kisha akasema polepole:

"Ile neno mukubwa ulinipa, ningefanya nayo nini, weye mutoto? Haina na mukono, haina na muguu. Ungeniambia, Kaku, iko mupana kupita njia, itakamata ukuta yako, ningebeba kigoda yangu na kuenda. Si Kingereza njo ilivunja nyumba yangu. Ni haya yako njo iliivunja."

Watu husema maneno matupu hayavunji mfupa. Langu tupu lilivunja nyumba.

Wenye mzigo hawakuwa watu wabaya. Walileta matofali na saruji, baba akaleta chokaa ya Kakontwe, na kazi ya mikono akanipa mimi, pamoja na fundi mmoja mzee. Shati la Jumapili la baba sikuliona tena kwa muda mrefu. Lakini Mista Moyo alikuwa ameeleza kwa vidole jambo jingine: transfoma ya pili itakuja wakati wa baridi, na ni pana kuliko ya kwanza. Basi swali likawa moja tu, na mtaa mzima ulilijua. Ukuta wa Kaku usimame wapi? Ukiusogeza mno nyuma, chumba cha munkoyo hakipo tena, na Kaku hana cha kula. Ukiuacha mbele, unaanguka mara ya pili. Aliyejua upana wa kitu kile alikuwa mtu mmoja, na mtu yule alisema Kiingereza.

Chef akasema atafutwe padri mmoja wa mjini aliyekijua. Kaku akakataa.

"Ninataka huyu huyu."

"Huyu aliyekaribia kukuua, Kaku?" akauliza Chef.

"Padri hajaumwa. Mwenye aliumwa na nyoka, hata kamba anaogopa. Minye ninataka yule mwenye kuogopa."

Mista Moyo aliporudi kupima njia, nilimwendea na kijitabu changu kimefunguliwa. Watu wote wakaja kutazama, na safari hii hakuna aliyeniita Madame. Nikaweka kidole juu ya neno, nikamwambia kwa Kiingereza changu kibovu, mbele ya baba, mbele ya Chef, mbele ya wale waliocheka: neno hili silijui.

Ulimi wangu ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Lakini lilipotoka, mwanangu, niliona mwili wote umepungua uzito.

Mista Moyo hakucheka. Alichuchumaa, akachukua kijiti, akachora vumbini. Neno kwa neno. Na hapo ndipo nilipoona ajabu ambayo haijaniisha hadi leo: yale maneno kumi hayakuwa kitu kimoja. Vasti ni kwa kitu kilicholala na kutanda, kama ziwa la Tshangalele, ambako jicho linachoka kabla maji hayajaisha. Towaringi ni kwa kilichosimama juu yako hadi shingo iume, kama dohani la kiwanda. Masivu ni kwa kilichokaa kwa uzito wake, kama mwamba wa Kakontwe ambao baruti inaukwaruza tu. Bulki ni kwa kinachokula nafasi hata kama si kizito sana, kama baba wa ubatizo mnene kwenye benchi la kanisa. Alipofika kwenye imensi alifikiri. Akainua mkono, akapima hewa, akapima tena juu zaidi, kisha akaacha mkono uanguke. Nikaelewa. Hilo ni neno la pale kipimo kinaposhindwa.

Kisha akafuta vumbi lote kwa kiganja. Akaniambia kwamba kwa ukuta, hata moja la maneno hayo halitoshi. Akatoa kamba garini, akaipima kwa futi yake ya chuma, akafunga fundo huku na fundo kule. Katikati ya mafundo mawili ndipo upana wa kile kitu ulipokuwa.

Kamba ile nilitembea nayo mtaa mzima. Mimi nilishika fundo moja, Chef fundo jingine, tukaenda kama watu wanaobeba jeneza. Nilisema, "Hii kamba njo yeye, ile kintu. Popote inagusa, yeye atagusa." Hakuna aliyecheka. Ilipogusa kibanda, kibanda kiliondoka siku hiyo hiyo. Ilipogusa mpapai wa fundi baiskeli, aliutazama mpapai, akaitazama kamba, akaenda kuleta panga. Na penye kona tuliivuta kamba, tukaongeza hatua moja kwa ajili ya woga wangu, hapo ndipo tulipochimba msingi. Chumba cha munkoyo kilibaki. Kilipungua upana wa kitanda, lakini kilibaki.

Wakati wote tulipojenga, Kaku alikaa kwenye kigoda akinipima. "Leta neno," alisema. Nikasema masivu. "Nipe kintu yake." Nikampa mwamba. Kama kitu hakikufaa, alinirushia kijiwe, na kwa macho yale alinipata kila mara, sijui vipi. Siku moja nilisema kolosali nikampa kitunguu kumchekesha. "Ile neno utaivaa siku gani tena," akaniuliza, "kama umeivalisha kitunguu?"

Transfoma ya pili ilikuja asubuhi ya baridi, ile baridi yetu kavu inayopasua midomo. Watu walitoka mapema, wakajipanga nyuma ya alama za kamba. Kaku alisimama mbele ya ukuta wake mpya, kiganja kimeugusa. Mimi nilisimama pembeni yake. Nilikuwa nimetafsiri sawa? Fundo halikuteleza? Trekta zikaingia konani. Ardhi ikaanza. Kivuli kikaja juu yetu, baridi ikaongezeka, na ule ubavu wa chuma ukaanza kupita mbele ya ukuta. Ulipita. Ukaendelea kupita. Kati yake na ukuta palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kusimama ubavu, na katika nafasi hiyo jua lilipenya kama utepe. Ukuta haukuguswa.

Ndipo Kaku akasema, "Mwambie huyu bwana ninataka kuigusa."

Nikamwambia Mista Moyo. Akamtazama yule bibi, akainua bendera, na safari hii wenye trekta walikuwa wamejiandaa. Kitu chote kikasimama. Nikamshika Kaku mkono nikauweka juu ya chuma. Alikipapasa polepole, kushoto, kulia, juu hadi alipofika, na hakukuta mwisho.

"Niambie," akasema.

"Kaku, kamata nyumba yako. Weka nyumba ingine kama yako juu yake. Bado hatujafika juu. Weye ulale chini, na minye nilale mbele ya miguu yako, na marehemu bwana yako alale mbele ya miguu yangu, bado hatujafika ng'ambo. Magurudumu, batoto wamehesabu mara tatu, kila mara hesabu ingine. Rangi yake ni kama wingu mbele ya mvua. Chef amesimama pale mbele, anaonekana kama kuku. Haina macho, haina mudomo. Imesimama kama muntu mwenye hajui kama sisi tuko hapa."

Mkono wake ulibaki juu ya chuma. Nilisikia injini zikipumua.

"Na hii yote," akasema mwishoni, "inaenda kuwasha taa ya ampoule?"

"Ampoule ya Likasi nzima, Kaku. Na ya bantu ya mbali wenye hatujui."

Akajipiga alama ya msalaba kwa mkono ule ule wenye vumbi la chuma. "Sawa," akasema. "Ipite."

Ikapita. Nilitafuta neno la kusema, nikaona siku ile imensi lilikuwa limepata kitu chake. Nilimwambia Mista Moyo neno hilo moja tu. Aliweka kofia ya chuma kifuani, akaitika kwa kichwa.

Sasa sikia, mwanangu, maana Jumatatu haiko mbali. Usiende mbele ya watu wale na maneno kumi yenye jibu moja. Kila neno litafutie kitu chake hapa hapa kwetu, kitu ulichokiona kwa macho au kukigusa kwa mkono, ulifunge nacho. Simu yako itakupa maana, lakini haitakupa kitu. Neno kubwa usilipoteze kwa vitunguu, litakuwa limechakaa siku utakapolihitaji. Ukikutana na kitu kikubwa mno, ogopa, kuogopa si aibu, lakini woga usikufunge mdomo. Mwambie anayekusikiliza: kitafika hapa, kitagusa pale, ondoa kigoda chako. Kwa sababu mkalimani hatafsiri maneno, anatafsiri kuta za watu na waliokaa nyuma ya kuta hizo.

Na la mwisho ndilo la kwanza. Siku utakayopata neno usilolijua, uliza. Uliza mbele ya mkubwa, mbele ya wanaokucheka, mbele ya shati langu la Jumapili kama nitakuwepo. Haya ya kuuliza inauma kama sindano, kisha imekwisha. Ya kutokuuliza, mimi ni mzee sasa na bado naitembeza barabarani.

Jumatatu asubuhi, kabla hujatoka, pitia kwangu. Nitakupaka kidogo pemba, ule udongo mweupe, kwenye paji la uso kama bibi zetu walivyofanya, na juu yake nitachora msalaba kama tulivyofundishwa. Mungu akupe ulimi usiokimbia mbele ya kichwa. Akupe masikio mapana na shingo isiyoona haya kuinama. Watu wakae salama nyuma ya neno lako, watoto wao wakae salama, na uzeeni mwako upite kila kona ya Likasi bila midomo kukutingishika. Nenda, mwanangu, umebarikiwa na mikono yangu yote miwili.